Lakini ya Mwanaasha

Mwanaasha binti Bakari alikuwa na kicheko kisichojua adabu. Wengine hofu huwashika magoti, wengine tumbo. Yeye ilimshika mbavu. Akiogopa, anacheka. Akiogopa sana, anacheka mpaka machozi, na kadiri anavyojibana ndivyo kicheko kinavyopanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Siku ya ndoa yake, mashahidi walipoingia chumbani kumuuliza kama ameridhia kuolewa na Shomari, alicheka hata wakarudi barazani wakiwa hawajui wamwambie nini sheikh. Ikabidi waingie tena.

Wanawake wa Yombo walimzoea. Ukitokea msiba walimwambia, "Mwana, we kaa huko nyuma na masufuria," maana kumweka karibu na jeneza ilikuwa hatari. Huko nyuma na masufuria ndiko alikojifunzia kazi. Miaka ikapita, na ikawa hakuna shughuli ya maana Temeke nzima isiyopikiwa na Mwanaasha. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye mikono ya kugeuza wali wa watu mia, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia, wa mti wa mninga, aliochongewa na mumewe. Shomari ni fundi wa makochi. Mbao na misumari ndiyo lugha yake, maneno mengi hana.

Mwiko huo ndio uliompeleka jela.

Ilikuwa harusi ya Buguruni. Mbele ya nyumba walikuwa wanacheza singeli, vumbi limesimama. Nyuma ya nyumba Mwanaasha alikuwa anafunua pilau, na wifi yake Rukaiya, dada wa Shomari, alikuwa ameinamia beseni la kachumbari. Hapo akatokea Twaha. Twaha aliwahi kuwa mume wa Rukaiya, akampa talaka, kisha akajuta, na kujuta kwake kulikuwa kwa ngumi. Siku hiyo alikuja kwa upande wa bwana harusi, ila hakukaa mbele na wageni wenzake.

"Leo unarudi nyumbani," alisema.

"Nyumbani kwa nani? Niache, Twaha, nina kazi."

Mwanaasha alikuwa amewapa mgongo. Alichosikia ni beseni kugongwa. Alipogeuka, Twaha alikuwa amemkaba Rukaiya koo na kumbana ukutani, na macho ya Rukaiya yalikuwa yametoka. Mwanaasha hakuita mtu, kwa singeli ile nani angemsikia? Aliunyanyua mwiko na kuushusha mkononi kwa Twaha, na mfupa ukalia. Twaha akamwachia Rukaiya, akamgeukia yeye kwa mkono uliobaki. Mwiko ukashuka mara ya pili, begani. Twaha akaenda chini kwa mgongo, kichwa kikatua kwenye beseni.

Kisha hofu ikafika, imechelewa kama kawaida yake. Mwanaasha akatazama mkono ule uliopinda pasipo na kiungo, akaona nyanya na vitunguu vimemjaa Twaha usoni, akaangua kicheko. Alicheka akashikilia nguzo ya turubai. Ndipo watu wakaingia mbio kutoka mbele. Rukaiya walimkuta amekaa chini pembeni akikohoa, hawakumtazama mara mbili. Walichokiona ni mwanaume chini anaugulia, na mwanamke mkubwa juu yake ana mwiko, hana mbavu kwa kucheka. Mmoja akatoa simu akarekodi. Kufikia kesho yake video ilikuwa imefika hata kwa ndugu zake Mwanaasha walioko Kimbiji.

Mahakama ya wilaya ilikuwa chumba chenye joto na feni isiyozunguka. Shtaka lilikuwa la kumdhuru mtu mwili. Karani akasoma, kisha hakimu akauliza swali ambalo Mwanaasha aliliota tangu alipokamatwa:

"Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?"

Mwanaasha hakuwa mtu wa kusema uongo. Alisimama wima, akakaza macho ukutani. "Ni kweli, mheshimiwa, nilimpiga. Lakini..."

Na hapo hapo kikamshika. Alijaribu kukimeza, kikatokea puani. Alijaribu kukohoa, kikawa kibaya zaidi. Alitaka kusema habari za Rukaiya, habari za koo na ukuta, ila kila akifungua mdomo kinachotoka ni kile kile. Askari aliyesimama karibu naye akaanza kutikisika mabega, naye kaambukizwa. Hakimu, aliyekuwa na kesi nyingi siku ile na joto likimtesa kama wengine, alingoja, kisha akainama akaandika. Alipoinua kichwa alisema mshtakiwa amekiri kosa mwenyewe na haonyeshi hata chembe ya majuto. Miaka minne jela.

Rukaiya alikuwa nje kwenye benchi, shingo bado ina alama, akingoja kuitwa kutoa ushahidi. Hakuitwa. Aliyekiri hahitaji mashahidi.

*

Ajabu ni kwamba gerezani Mwanaasha hakucheka. Alichoogopa kilikuwa kimeshampata. Kilichobaki ni huzuni, nayo haikuwa na kicheko ndani yake. Alikaa kwenye mkeka wake kimya hata wenzake wakamwita Bubu. Aliuwaza mkono wa Twaha pia, ule mlio wa mfupa. Hakujuta kumpiga. Alisikitika kwamba ilibidi.

Aliyemtoa kwenye mkeka ni Apolonia, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukoba, naye mfungwa, mwenye tabia ya kuwaamrisha watu wazima kama darasa la tatu.

"We Bubu, umeshatoa nia?"

"Nia ya kufunga?" Mwanaasha aliuliza. Ramadhani ilikuwa imekaribia.

"Nia ya kukata rufaa, mama! Siku zinaisha. Twende kwa afande."

"Mie nilikiri, mwalimu. Ukikiri umekwisha. Kila mtu ananiambia hivyo."

"Kila mtu ni wakili? Inuka."

Wakaenda, wakaandika kwamba mfungwa ana nia ya kukata rufaa, Mwanaasha akaweka dole gumba, akarudi kwenye mkeka wake akiamini kwamba amempendeza mwalimu tu, basi.

Lakini karatasi ile ilitembea. Baada ya miezi kadhaa, akaja wakili wa msaada wa kisheria, msichana mfupi anayeitwa Atuganile, mwenye lafudhi ya Mbeya na mkoba mkubwa kuliko yeye. Aliwakusanya wafungwa uani, akawaambia kila mmoja aeleze ilikuwaje mahakamani. Zamu ya Mwanaasha ilipofika, Apolonia akamsukuma katikati.

Sijui ni jua la asubuhi, ama ni macho ya wale wanawake wote. Alianza kwa sauti ya chini, akawa hakimu, akawa karani, akawa feni isiyozunguka. Alipofika kwenye "ni kweli nilimpiga, lakini," akawaonyesha kicheko kilivyotokea puani, na katika kuonyesha kikaja chenyewe, cha kweli, kwa mara ya kwanza tangu afungwe. Ua mzima ukaanguka. Wengine walilala chini. Afande wa zamu aligeukia ukutani na kofia yake ikamdondoka. Apolonia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona meno, alikuwa anajifuta machozi kwa upindo wa sare.

Atuganile peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Mama, baada ya 'lakini' ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mwanangu. Nilicheka."

"Na hakimu hakukuuliza umalizie?"

"Hakuuliza."

"Maelezo ya tukio yaliposomwa, ulisema unayakubali?"

"Yalisomwa? Mie nilikuwa nacheka."

Atuganile akafunga mkoba wake kwa kishindo, akaufungua tena, kumbe alitaka kuandika. "Basi hujakiri, mama. Anayekiri anasema ndiyo, akanyamaza. We umesema ndiyo ukaweka lakini. Hiyo lakini ilitakiwa isikilizwe kwanza!"

*

Safari ya kwenda Mahakama Kuu ilichukua zaidi ya mwaka tangu siku aliyofungwa. Kadiri tarehe ilivyokaribia, ndivyo hofu mpya ilivyochipua, na hofu ilikuja na mwenzake. Aliicheka chai, aliucheka ufagio. Apolonia akaona hatari.

"Ukicheka mbele ya jaji umeharibu. Fikiria kifo."

"Kifo ndicho kinachonichekesha zaidi, mwalimu."

"Basi fikiria kitu kisichotisha wala kuchekesha. Fikiria vitunguu. Menya, osha, kata, kaanga. Ukimaliza, anza upya."

Asubuhi ya rufaa Mwanaasha aliketi mahali pa mrufani, mikono mapajani, akimenya vitunguu moyoni. Nyuma yake walikaa Shomari, aliyevaa koti la harusi yake likambana kwapani, na Rukaiya. Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Alifungua jalada, akasoma kwa sauti isiyo na haraka.

"Hapa naona mshtakiwa alijibu hivi: 'Ni kweli nilimpiga, lakini.' Baada ya hapo kuna mabano. Ndani ya mabano imeandikwa: 'mshtakiwa anacheka.' Kisha ukurasa unaofuata ni adhabu."

Menya, osha, kata.

Jaji alivua miwani. "Wakili wa Serikali, hiyo lakini ilikwenda wapi?"

Wakili wa Serikali, kijana mtanashati, akasimama, akapekua karatasi zake mbele, akazipekua nyuma. "Mheshimiwa Jaji, na sisi tumeitafuta. Hatukuipata." Akafunga jalada lake. "Hatupingi rufaa."

Chumba kizima kikacheka, hata karani. Na vitunguu vyote vya Mwanaasha vikamwagika. Kilimtoka kile chenyewe, kile cha siku ya ndoa, akajiziba kwa kanga, kikatokea pembeni. Watu wengine walinyamaza, yeye akaendelea peke yake. Shomari alifumba macho. Alijua sasa wamekwisha.

"Mrufani," alisema jaji, "kuna kinachokuchekesha?"

Atuganile alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu akiogopa, anacheka. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Mume wake yupo hapa, anaweza..."

"Ina maana sasa hivi anaogopa?"

"Kupita kiasi, Mheshimiwa."

Jaji akamtazama Mwanaasha kwa muda, siyo kwa ukali. "Mama, vuta pumzi. Hapa sisikilizi ushahidi, na utakachosema hakitakuwa ushahidi. Lakini kuna sentensi uliianza mbele ya mahakama ya chini haikupewa nafasi ya kuisha. Ungetaka kuimaliza?"

Mwanaasha alisimama. Machozi ya kucheka yalikuwa bado mashavuni, kifua kinapanda na kushuka. Akafungua mdomo, na safari hii maneno yalitangulia.

"Lakini alikuwa anamnyonga wifi yangu."

Hakuna aliyecheka. Nyuma, Rukaiya aliweka mkono shingoni pake bila kujua kama ameuweka.

Jaji aliandika. Aliandika sana, watu wakawa wanasikiliza kalamu tu. Alipoanza kusoma, Mwanaasha alitega masikio yote mawili asishike hata neno moja. Kukiri kwenye utata hakuwi kukiri. Mwenendo umebatilishwa. Hatia imefutwa. Adhabu imetenguliwa. Kila neno lilisikika kama mlango, ila hakujua ni mlango unaofungwa au unaofunguliwa.

"Kwa kawaida," jaji aliendelea, "ningeamuru shauri lirudi likaanze upya. Lakini..."

Mwanaasha akamshika Atuganile mkono. Jaji naye ana yake!

"...lakini mrufani ameshatumikia zaidi ya mwaka mzima wa kifungo kwa kosa ambalo halikuthibitishwa, na upande wa Jamhuri hauombi arudishwe. Haki haitatendeka kwa kumrudisha pale pale alipoanzia. Naamuru aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali."

"Sababu nyingine ipi tena?" Mwanaasha alinong'ona, sauti ikasikika mpaka mlangoni. "Wakili, mie sijampiga mwingine!"

"Mama! Ndivyo wanavyoandikaga kwa kila mtu! Umeshinda! Uko huru!"

Nyuma kulisikika kitu kinachanika. Shomari alikuwa amenyanyua mikono juu, na koti la harusi likaachia kwapa zote mbili.

*

Kutoka gerezani kuna utaratibu wake, na Apolonia alimsindikiza mpaka mwisho wa pale mfungwa anaporuhusiwa kufika. Wanawake walipiga vigelegele mpaka maafande wakachoka kuwakataza.

"Nenda moja kwa moja, usigeuke nyuma," Apolonia alimwambia. "Ukigeuka unarudi."

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi bado mwaka mmoja na nusu. Nenda, mama. Unanichelewesha."

Mwanaasha hakugeuka, ingawa alitaka. Alikwenda akilia na kucheka kwa pamoja, mpaka Shomari, aliyekuwa amemwandalia hotuba tangu kituo cha bajaji, akaisahau yote.

"Mwana," alisema, "umekonda."

"Nimekonda wapi? Tazama!" Akajizungusha barabarani, hereni hana, viatu vya kuazima, akazunguka tena, na tena, mpaka ikabidi Shomari amdake asianguke. Kizunguzungu kilimpendeza. Ndani ya bajaji alitaka kila kitu. Alimwambia dereva asimame anunue muhogo wa kuchoma. Asimame amsalimie mwanamke asiyemjua, aliyekuwa anaanika nguo tu. Asimame ashuke atembee kidogo, kwa sababu hakuna anayemkataza kutembea. Basi akawa anatembea pembeni ya barabara muhogo mkononi, na bajaji inamfuata taratibu na mume wake ndani, na watu wa Tabata wanashangaa hii ni harusi au ni nini.

Yombo walikuwa wameshapata habari. Rukaiya aliwahi kabla yao akatandaza mikeka, akafungulia spika, na kanga za rangi zote zikafunga njia. Kina mama walijaribu kumbeba Mwanaasha juu. Walimnyanyua mpaka magotini, wakashindwa, wakaanguka naye chungu nzima, na pale chini kwenye vumbi, katikati ya miguu na mikono ya watu, Rukaiya akamkumbatia shingo.

"Wifi, nilikaa kwenye lile benchi. Nilingoja wanite. Wallahi nilingoja."

"Najua, wifi yangu. Hebu toka kwanza, umenikalia tumbo."

Wiki za mwanzo alikuwa mgeni kwake. Asubuhi moja, Shomari akipigilia kochi uani, alisikia sauti nyuma yake: "Afande, naomba kwenda msalani." Aligeuka, misumari mdomoni. Wakatazamana. Shomari, mtu asiye na maneno, akakunja uso kiaskari, akasema, "Ruhusa imetolewa, usizidi dakika tano." Wakacheka mpaka jirani akachungulia ukutani.

Atuganile hakuishia pale. Alimpeleka Rukaiya polisi, maelezo yake yakaandikwa, na Twaha akaitwa, akaonywa, kwamba akimgusa tena ni zamu yake kizimbani.

Mwanaasha alikutana naye sokoni Buguruni, kwenye vitunguu. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza tangu atoke, maulidi ya Tabata, na alikuwa anachagua gunia. Aliinua macho, akamwona Twaha upande wa pili, kikapu kwenye mkono mmoja, mwingine umejikunja kama mkono wa mtu aliyeshika kwapa. Alikisikia kicheko kinapanda. Alikiacha kije, kikafika kooni, kikakaa hapo.

"Mkono vipi?" aliuliza.

"Haunyooki wote." Twaha alitazama chini. "Wakati wa baridi unauma."

"Pole. Nakwambia pole ya kweli."

"Na mie pole, dada. Ile jela." Alisita. "Sikuwaambia polisi nilichokuwa nafanya. Bora ningewaambia."

"Ungewaambia."

Muuza vitunguu akawatazama, akidhani wanabishania bei.

"Rukaiya usimsogelee," Mwanaasha alisema.

"Simsogelei."

"Hata kwenye shughuli. Ukisikia yupo nyuma, we kaa mbele na wageni."

"Nimekuelewa, dada."

Twaha akaitikia kwa kichwa, akaondoka na kikapu chake kuelekea upande wa nyanya. Mwanaasha alimtazama mpaka akapotea kwenye watu, kisha akageuka akamwambia muuzaji amfungulie gunia jingine, hili la juu lote limeanza kuota. Maulidi yalikuwa ya watu mia mbili, na siku ile ile alikuwa ameahidi kupeleka chakula gerezani kwa mwalimu Apolonia.